Fedha za mfadhili kwa usalama wa chakula na afya ya mifugo na mimea: anzeni na sampuli, maabara baadaye

Mleta mada, umesema taasisi yenu imeahidiwa fedha za mfadhili kwa miaka mitatu, za kuboresha usalama wa chakula pamoja na afya ya mifugo na mimea, na kamati imegawanyika: wengine wanataka maabara mpya, wengine hawajui wanataka nini. Wachangiaji wengi hapo juu wamekwambia mjenge. Mimi nimefanya kazi maabara ya serikali, kitengo cha kupokea sampuli, kisha nikahamia kwenye usimamizi wa miradi. Nakusihi kabla hamjasaini chochote mjibu swali moja: sampuli zitafikaje maabara, na nani atazilipia mfadhili akishaondoka?

Ngoja nikueleze ninachokiongelea. Ijumaa jioni kasha linaletwa kutoka wilayani. Barafu imeshayeyuka, lebo ziliandikwa kwa wino na maji yamezifuta, na fomu haisemi sampuli ilichotwa kwenye shehena ipi. Mtaalamu aliyesomeshwa kwa fedha za mradi analifungua, mashine ya kisasa iko nyuma yake, na hana la kufanya. Jibu lolote atakalotoa mwenye mzigo atalipinga, na atakuwa na haki. Nimeyaona haya mara nyingi, na kila nilipofuatilia nilikuta chanzo kipo kwenye bajeti. Kulikuwa na kifungu cha mashine, cha mafunzo na cha warsha. Cha barafu, mafuta ya gari na kalamu zisizofutika hakikuwepo.

Kwenye sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka, jambo hili ni zito zaidi. Sumu hiyo haisambai sawasawa ndani ya shehena: punje chache zinaweza kubeba karibu yote, na gunia la pembeni likawa safi kabisa. Mkaguzi akichota konzi moja juu ya gunia la karibu na mlango, hata mashine bora duniani itatoa namba isiyo na maana. Kanuni za Umoja wa Ulaya za kuchukua sampuli kwenye shehena kubwa za nafaka zinadai kuchota hadi mara 100, sehemu tofauti tofauti, kisha mchanganyiko huo usagwe na kuchanganywa vizuri ndipo itolewe sehemu ya kupima. Hapo unahitaji bambo refu linalofika katikati ya gunia, kinu, watu waliofundishwa, na msimamizi anayewapa muda wa kuimaliza kazi. Gharama yake hailingani hata kidogo na ya mashine, lakini sehemu kubwa ya makosa katika majibu ya sumukuvu huzaliwa hapo, kabla sampuli haijafika kwenye meza ya mpimaji. Kama ningekuwa na fedha za kufanya jambo moja tu, ningewafundisha wachukua sampuli na kuwapa vifaa.

Kuhusu jengo lenyewe. Ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, hutolewa kwa vipimo maalumu, na ili kuilinda lazima mshiriki majaribio ya ulinganisho na maabara nyingine, mhakiki vifaa, mkaguliwe tena na tena. Juu ya hapo kuna vitendanishi (kemikali za kupimia), gesi, vipuri na mkataba wa matengenezo. Sampuli zikiwa chache, gharama ya kipimo kimoja inapanda na mikono ya wapimaji inasahau kazi. Kwa hiyo pigeni hesabu ya sampuli mnazotegemea kwa mwaka, kwa kila kipimo. Kama ni chache, ingieni mkataba na maabara iliyokwisha pata ithibati, hata kama iko nchi jirani, na fedha zilizobaki ziende kwa wakaguzi.

Kuna aliyeandika hapo juu kwamba misaada ya aina hii haijawahi kuzaa matunda. Hapana. Sotoka, ugonjwa ulioua ng'ombe kwa mamilioni, ulitangazwa mwaka 2011 kuwa umetokomezwa duniani, na fedha za wafadhili zilichangia sana. Ila someni historia yake yote. Kampeni kubwa ya chanjo Afrika, iliyojulikana kama JP15, ilianza mwaka 1962 na kwisha 1976. Ugonjwa ulipungua sana, nchi zikalegeza chanjo na ufuatiliaji, mabaki ya ugonjwa yakabaki mafichoni, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 sotoka ikasambaa tena. Kilichosaidia kuumaliza ni chanjo mpya iliyoweza kukaa wiki kadhaa nje ya jokofu. Kwa chanjo hiyo, wafugaji waliochaguliwa na jamii zao wakafundishwa kuchanja, wakafika sehemu ambazo gari la serikali lilikuwa haliendi. Ufuatiliaji nao uliendelea miaka mingi baada ya mnyama mgonjwa wa mwisho kuonekana mwaka 2001. Upande wa mimea, nyigu mdogo aliyetolewa Amerika Kusini na kuachiwa Afrika kuanzia mwaka 1981 alidhibiti vidung'ata, wadudu wadogo wanaofyonza mihogo, na mkulima hakudaiwa kununua chochote. Miradi yote miwili ilifaulu kwa sababu kazi iliweza kuendelea kwenye mazingira ya mtumiaji kama yalivyo, bila umeme wa uhakika na bila mtaalamu kila siku.

Sasa hatua za kuchukua. Msianze na orodha ya manunuzi. Kwa mifugo kuna tathmini ya PVS ya Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, ambayo serikali yenyewe ndiyo huiomba, na huduma hupimwa kwa ngazi 1 hadi 5. Kwa mimea kuna tathmini ya PCE chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Ulinzi wa Mimea. Ulizeni kwanza kama zimeshafanyika, maana ripoti zinaweza kuwa zimelala kabatini wizarani wakati mshauri mwingine analipwa kuchunguza mambo yale yale. Kama wazo lenu bado ni changa, upo pia mfuko wa pamoja wa STDF, wa kusaidia nchi zinazoendelea kufikia viwango vya usalama wa chakula na afya ya wanyama na mimea, ulioanzishwa na FAO, Benki ya Dunia, WHO, Shirika la Biashara Duniani na shirika hilo la afya ya wanyama. Unatoa ruzuku ndogo ya kuandaa mradi kabla ya kuomba mradi wenyewe. Itumieni. Muda wa kuandaa ndio unaofupishwa kuliko yote, na hasara yake huja kuonekana mwaka wa tatu.

Mfadhili naye mzungumzeni waziwazi. Azimio la Paris la mwaka 2005 kuhusu ufanisi wa misaada linasema nchi inayopokea ndiyo iongoze, na wafadhili wafuate mipango na mifumo yake. Litajeni mezani. Kisha wekeni ndani ya mkataba kwamba vitendanishi, usafiri wa sampuli na posho za wakaguzi vinaingia kwenye bajeti ya serikali kidogo kidogo kila mwaka, kuanzia mwaka wa kwanza, na hazina iweke saini. Bila saini ya hazina, ahadi ya wizara haitoshi.

Jambo la mwisho, na hili linaniuma. Miradi mingi ya namna hii hufuata mazao yanayouzwa nje, kwa sababu shehena ikikataliwa bandarini watu wanapiga kelele. WHO ilikadiria mwaka 2015 kwamba chakula kisicho salama huwafanya watu milioni 600 waugue na kuua 420,000 kila mwaka, na 125,000 kati ya waliokufa ni watoto wa chini ya miaka mitano. Hao hawapo kwenye shehena yoyote. Mkaguzi yule yule aliyefundishwa kuchukua sampuli ya mzigo wa nje anaweza kuchukua ya soko la ndani akipangiwa siku zake, na majibu yakipelekwa kwa anayehusika. Liandikeni kama kazi ndani ya mradi, lenye bajeti yake.

Ukiweza, weka hapa idadi ya sampuli mlizopima mwaka jana kwa kila kipimo, na zilizokataliwa mapokezi. Nitakusaidia kupiga hesabu ya gharama za kuendesha kabla kamati haijakutana.