Mifuko miwili ya fedha za matangazo

Ndugu, umeuliza kwa nini msambazaji mmoja hulipwa na kampuni inayomuuzia bidhaa fedha za matangazo kulingana na manunuzi yake ilhali mwenzake hulazimika kuziomba. Hiyo ni mifuko miwili tofauti. Wa kwanza hukua kadiri unavyonunua: asilimia fulani ya thamani ya kila mzigo huwekwa kwenye akaunti yako, nawe huidai baada ya kutangaza, ukiwasilisha ankara pamoja na nakala ya tangazo lenyewe. Ndivyo ulivyofanya kazi mpango wa Intel, kampuni inayotengeneza vichakataji vya kompyuta, ulioanza mwaka 1991, ambapo watengenezaji wa kompyuta walirudishiwa sehemu ya gharama za matangazo yao, mradi nembo ya “Intel Inside” ionekane humo. Mfuko wa pili hutolewa kwa hiari ya kampuni, kwa mpango ulioidhinishwa mapema, na humfaa zaidi msambazaji mchanga ambaye manunuzi yake bado ni madogo.

Kasoro kubwa, kwa maoni yangu, ni utaratibu wa kurudishiwa fedha baadaye, kwa sababu mwenye duka dogo hana mtaji wa kutangulia kulipa, na akichelewa kuwasilisha madai muda humpita. Ni heri kampuni imlipe mchapaji au kituo cha redio moja kwa moja. Kwa Marekani, kumbuka pia kwamba sheria ya Robinson-Patman ya mwaka 1936 inataka posho za namna hii zitolewe kwa uwiano ulio sawa kwa wateja wanaoshindana.