Usimwulize kama anakunywa

Miaka kadhaa iliyopita nilipata kibarua cha wiki sita kama karani wa utafiti wa nyumba kwa nyumba huko magharibi mwa Kenya. Tulikuwa tunauliza watu kuhusu pombe, sigara, bangi na hali ya akili. Sikuwa mtaalamu wa chochote. Nilikuwa na tableti ya kujazia majibu, fulana yenye nembo, na viatu vilivyoachama siku ya nne. Lakini kazi ile ilinifunza kuuliza, na ndiyo sababu nawaandikia nyinyi mnaoniuliza mfanye nini na ndugu, mume au kijana ambaye siku hizi hamumwelewi.

Siku ya kwanza niliongozana na mzee wa mtaa. Ndiyo desturi, huwezi kuingia bomani kwa watu na maswali yako bila mwenyeji. Nyumba kumi na moja, na kote jibu likawa lile lile: hapa hatunywi. Katika boma la mwisho harufu ya chang'aa ilikuwa imekolea mpaka kwenye pazia, na mama aliyekuwa ananijibu macho yake yalikuwa kwa mzee, si kwangu. Mzee wa mtaa ni sikio la chifu, na chifu ndiye huja na askari kumwaga mitungi. Ungekuwa wewe ungesema nini? Kesho yake nilimwomba mzee atungoje chini ya mwembe, mbali kidogo. Majibu yakabadilika siku hiyo hiyo.

Hilo hunijia kila takwimu mpya zinapotoka. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya inayopambana na ulevi na dawa za kulevya, ulisema kwamba kati ya Wakenya wa miaka 15 hadi 65, mmoja katika kila sita, yaani watu 4,733,152, anatumia angalau kilevi kimoja. Pombe peke yake ni mmoja katika kila wanane. Magharibi ikaongoza kwa pombe kwa asilimia 23.8, na kwenye makundi ya WhatsApp watu wakaanza kuchekana kikabila. Mimi niliposoma nilimkumbuka yule mama na pazia lake. Hao milioni nne na ushee ni makadirio yaliyotokana na waliokubali kumwambia mgeni mwenye tableti. Tena utafiti wa nyumba kwa nyumba haumfikii aliye jela, aliyelazwa hospitalini, wala anayelala kwenye veranda za maduka.

Marekani wana utafiti wao wa kila mwaka kuhusu vilevi na afya ya akili, watu kama 70,000 kuanzia umri wa miaka 12. Anayehojiwa nyumbani, yakifika maswali ya siri hupewa kompyuta na vipokea sauti vya masikioni, akasikiliza swali peke yake na kubonyeza jibu peke yake. Anayehoji haoni kitu. Nilipojua hivyo nilicheka, maana mwembe wetu ulikuwa unafanya kazi ile ile bila umeme.

Basi kabla ya swali, tafuta mwembe wako. Usimwulize mbele ya watoto, usimwulize mbele ya mama mkwe, na kikao cha ukoo kiache kabisa. Halafu liangalie swali lenyewe. "Unakunywa?" ni shtaka, na mshtakiwa hukana. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya maswali 10 iitwayo AUDIT, na hakuna hata moja linalouliza kama wewe ni mlevi. Yanauliza mara ngapi: mara ngapi ulishindwa kuacha ukishaanza, mara ngapi ulihitaji kinywaji asubuhi ndipo mwili ukae sawa. Mtu anaweza kujibu hayo bila kujivua nguo.

(Kuna swali la kiasi, nalo lilinitoa jasho. Mzee mmoja alikuwa anakunywa busaa kwa mrija kutoka chungu kimoja na wenzake sita. Nikamuuliza anakunywa glasi ngapi. "Glasi gani, mwanangu?" Niliandika makisio, na mpaka leo sijui nilichoandika kilikuwa nini.)

Kwa upande wa akili, usitumie maneno ya redioni. Uliza "una unyogovu?" na utatazamwa kama umetukana. Watu wetu husema mawazo, husema kufikiria sana. Maswali ya PHQ-9, orodha ya maswali tisa ya kupima unyogovu, huanzia karibu na hapo: katika wiki mbili zilizopita, usingizi ulikuwaje, chakula kilikuwaje, mambo uliyoyapenda bado unayapenda? La mwisho kati ya hayo tisa ni kama umewahi kuwaza ni afadhali ufe. Wengi walikuwa wakilifikia hilo wananyamaza. Wakati huo kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilikuwa bado kinamfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Mahakama Kuu ilikibatilisha Januari 2025. Kuwaza hakukuwa kosa, lakini nani angeanza kutofautisha hayo mbele ya fulana yenye nembo? Ukimuuliza mtu wako swali hili, liulize waziwazi. Kuuliza hakumtii wazo kichwani, na akisema ndiyo, usimwache peke yake siku hiyo.

Nyumbani tulikuwa tumekosea yote haya. Mdogo wangu alikalishwa kwenye kiti katikati ya sebule, wajomba wawili, mchungaji, mama analia. Akasema ameacha. Tukaomba, tukala, tukaagana. Ikapita miaka miwili hivyo hivyo.

Baada ya kibarua kile nilimkuta siku moja anapukuchua mahindi nyuma ya jiko, nikachota gunzi nikakaa. Mikono ikiwa na kazi, macho hayagongani. Nikamuuliza, katika mwezi huu uliokwisha, ni siku ngapi hukunywa kabisa. Alinyamaza mpaka nikadhani ameudhika. Halafu akaanza kutenga punje kwenye ukingo wa ungo, moja, ya pili, akarudisha moja, akafikiri.

"Nne, dada. Na moja ni kwa sababu nilikuwa na malaria."

Sikumhubiria. Nilimuuliza kuhusu usingizi, akaniambia mambo ambayo si ya kuandika hapa. Msiniulize kipi kilitangulia kwake, pombe au mawazo. Marekani mwaka 2023 walikadiria watu wazima milioni 20.4 wenye tatizo la vilevi na ugonjwa wa akili kwa pamoja. Uliza vyote.

Mjomba alitaka afungiwe chumbani mpaka imtoke. Nilikataa, nanyi kataeni. Mtu anayekunywa kila siku akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege, akachanganyikiwa, hata akafa. Aanzie kwa daktari.

Nilimwachia namba 1192, ya NACADA, haina malipo. Ziliisha wiki tatu bila neno. Jumapili moja akaniomba simu, akatoka nayo mpaka karibu na banda la kuku. Niliongeza sauti ya redio.