Mkuyu Ulioota Ukutani: Uachwe au Ung'olewe?

SWALI: Kanisa letu la zamani hapa Rungwe ni la matofali ya kuchoma. Juu ya ukuta umeota mkuyu, na mzizi mnene kama mkono umeshuka hadi ardhini. Fundi anataka kuung'oa. Wazee wanataka uachwe, maana wameona picha za hekalu la Kambodia linaloshikiliwa na miti. Tumsikilize nani?

JIBU: Msiung'oe, na msiuache. Hekalu hilo ni Ta Prohm, la mfalme Jayavarman wa Saba, lililowekwa wakfu mwaka 1186. Mawe yake yalipangwa makavu, bila chokaa. Mizizi ikapenya kwenye nyufa, ikazitanua, kisha ikayakumbatia mawe hayo hayo. Wazee wamesema kweli, inashikilia. Lakini mti ukifa au ukiangushwa na upepo, unashuka na ukuta.

Kwanza egemezeni ukuta kwa milingoti pande zote mbili. Kateni kwa msumeno, vipande vidogo, mkianzia juu. Panga linatikisa matofali. Kisiki kitatoa utomvu mweupe: ufuteni kwa kitambaa, na ndani ya dakika 5 pakeni kwa brashi dawa ya magugu aina ya glaifoseti bila kuichanganya na maji, hasa kwenye ukingo wa nje, chini kidogo ya gome, maana ndiko inakosafiri. Mzizi ulioshuka ukateni karibu na ardhi, mpake ncha zote mbili. Vaeni glavu. Mvua ikinyesha siku hiyo, dawa imepotea. Kwenu huko subirini Agosti au Septemba.

Mizizi iliyo ndani msiivute, itatoka na matofali. Ikichipua, kateni na kupaka tena. Ikishaoza, toeni inayokubali kwa mkono, lowesheni pengo, jazeni chokaa 1 kwa mchanga 3. Saruji hapana kabisa: ni ngumu kuliko tofali la zamani na inafungia maji ndani, mwishowe uso wa tofali unabanduka. Funikeni kwa magunia yaliyoloweshwa wiki nzima; chokaa ikikauka haraka hubaki unga. Zibueni na mifereji ya paa, kwani ndege huacha mbegu za mkuyu popote, nazo huota penye unyevu.

SWALI: Chumvi ya mawe haitoshi kuua kisiki? (Iringa)

JIBU: Ukutani usiitumie. Inayeyuka, inaingia kwenye tofali, na kila inapokauka na kuganda upya inalimega.