Usikimbilie Ukurasa wa Msamaha

Wiki iliyopita msomaji kaniandikia: "Dada, nasoma Left to Tell, nimekwama. Usiku naliona lile kabati. Niruke mpaka mwisho?"

Usiruke, mdogo wangu.

Kwa asiyekijua, kitabu hicho cha Immaculée Ilibagiza kilitoka 2006. Mwaka 1994, Watutsi wa Rwanda walipokuwa wakiuawa na Wahutu wenye msimamo mkali, yeye, Mtutsi na mwanafunzi wa chuo kikuu, alijificha siku 91 yeye na wanawake wengine saba katika bafu dogo la mchungaji mmoja Mhutu. Mlango ulizibwa kwa kabati. Nje wauaji wakimtafuta kwa jina. Katika familia alibaki yeye na kaka yake aliyekuwa Senegal.

Mimi ni mtoto wa Bukoba. Mwaka ule mto Kagera ulibeba maiti kutoka Rwanda mpaka Ziwa Victoria, na mama akaacha kununua samaki. Tukiuliza, tunaambiwa tule maharage tunyamaze. Kwa hiyo nilipokisoma ukubwani sikusoma habari za watu wa mbali. Nilikisoma polepole, na ninajivunia hilo.

Kisha kikundi chetu cha kanisani kikaniomba nikielezee. Nilianza na mwalimu aliyesimamisha watoto darasani kwa makabila, na Immaculée asijue asimame na nani. Sikufika hata bafuni. Mwenyekiti akanikatiza: "Dada, tupeleke kwenye ushindi." Watu wakacheka. Mpaka leo kicheko kile kinaniuma, sisemi uongo.

Ushindi gani? Immaculée alipoletewa mfungwa aliyeongoza kundi lililomuua mama yake na kaka yake, akamwambia amemsamehe, afisa aliyemleta alihamaki. Alitaka mtu yule atukanwe. Hata pale msamaha haukupigiwa makofi! Sisi tunaupigia makofi kwa sababu hatukukaa bafuni hata kurasa kumi.

Basi soma mchana, usisome kitandani. Soma kama unavyokunywa uji wa moto, kuanzia pembeni: kile kisa cha mwalimu darasani ndicho pembeni. Ukichoka funga, kesho endelea. Na usome polepole. Wahubiri nanyi, acheni kuchukua ukurasa mmoja mkaufanya mahubiri ya Jumapili, halafu mkamwambia mjane asamehe kabla ya chakula cha mchana.

Ukimaliza, tafuta hukumu ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, huko Rwanda. Ilisomwa Arusha, hapa hapa kwetu, tarehe 2 Septemba 1998, na ndiyo mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Mle wanawake wa Taba wanaeleza waliyofanyiwa, na hakuna anayewaharakisha.