Muswada kwa Jarida: Anza na Jarida Lenyewe

Wanafunzi wanaonijia na tasnifu wakitaka kuigeuza makala, huwauliza kwanza: jarida gani? Wengi hujibu kwamba watalitafuta wakishamaliza kuandika. Mimi nasema litafute kwanza.

Chukua utafiti wa mikoko ya hori la Tudor, Mombasa. Ukiupeleka kwa jarida la sayansi ya bahari la WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi, wasomaji wake wanaijua pwani hii. Ingia moja kwa moja kwenye swali lako. Ukiupeleka kwa jarida la misitu la kimataifa, lazima umweleze mtafiti wa Brazili kwa nini Tudor imhusu. Hapo utangulizi unabadilika, mjadala unabadilika, hata kichwa cha makala. Kwa hiyo soma matoleo ya karibuni ya jarida ulilolichagua, kisha maelekezo kwa waandishi: idadi ya maneno, mtindo wa marejeleo, ubora wa picha. Mhariri anaweza kukurudishia kazi bila wahakiki, yaani wataalamu wa kuipima, kuiona, na kisa kikubwa huwa ni makala kutolihusu jarida lake.

Sehemu ya mbinu ndiyo ninayoisoma kwa jicho kali. Andika majira-nukta ya eneo (latitudo na longitudo), miezi uliyokusanya data (usiseme "wakati wa kusi" ukadhani kila mtu anaelewa), na kama ulipima maji yakiwa bamvua (yanapojaa na kupwa sana) au mafu (yanapojaa na kupwa kidogo). Mchu, aina mojawapo ya mikoko, uandike kwa jina lake la kisayansi, Avicennia marina, kwa italiki. Taja nambari ya kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya. Na kama uliwahoji wavuvi, taja idhini ya kamati ya maadili, ambayo huombwa kabla ya mahojiano; baadaye huipati.

Majina ya waandishi nayo yana fitina zake. Kubalianeni mapema nani yumo na nani anatangulia, na kila mmoja aipitishe nakala ya mwisho. Heshima kwa wakubwa tunaijua sote hapa pwani, lakini mkubwa aliyekupa chumba cha maabara tu nafasi yake ni kwenye shukrani.

Ukiona baruapepe inakuita "Profesa Mtukufu" nawe hata hujahitimu, na inakuahidi kuchapishwa wiki ijayo, ifute. Jarida la ufikiaji huria, yaani linalosomwa bure mtandaoni, litafute kwenye DOAJ, orodha ya majarida ya aina hiyo. Uliza ada ya kuchapisha kabla ya kutuma, na uulize pia kama wana msamaha kwa waandishi wa nchi kama yetu. Yapo majarida yanayosamehe au kupunguza, ila mara nyingi ni lazima uombe mapema. Tena, muswada mmoja jarida moja kwa wakati mmoja. Ukikataliwa, ndipo uende kwingine.

Barua kwa mhariri iwe nusu ukurasa: umegundua nini, kwa nini wasomaji wake wataijali, na kwamba kazi haijachapishwa wala haiko kwa jarida jingine. Sifa zako ziache kwenye wasifu.