Ufeministi si wa Wazungu, njooni Chamwino

Mleta mada anasema ufeministi ni mambo ya Wazungu, mwanamke mweusi hana haja nayo. Mimi ni mjane, nalima zabibu huku Chamwino, mkoani Dodoma, acha nijibu kwa ninayoyajua.

Marehemu alikuwa dereva wa malori, nyumbani anapita tu. Pori tulipewa na kijiji. Kulisafisha mimi, kupanda mimi, kupogoa mimi, kuhangaika na wanunuzi mimi. Zoezi la upimaji lilipofika kijijini, shemeji akatangulia kwa wapimaji akitaka liandikwe jina lake, eti ardhi ni ya ukoo na mimi ni mtu wa kuja.

Tukafika baraza la ardhi la kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, na inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Mama mmoja mjumbe, kanga begani, akamuuliza: "Baba, mizabibu hii inapogolewa mwezi gani?" Shemeji akaanza kukohoa. Hati ya kimila, ile ya kumiliki ardhi ya kijiji, imetoka kwa jina langu.

Hilo nalo ni la Wazungu? Mwaka 1983 Mahakama yetu ya Rufani, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa (japo yeye mwenyewe alitoka mikono mitupu!).

Ila kuna mahali nakubaliana nawe. Niliwahi kualikwa kongamano la wanawake mjini, kutwa nzima ni vyeo vya ofisini, hati za kimila hazikuguswa. Kusahauliwa huko kuliwakuta pia wanawake weusi wenzetu wa Marekani, walioishtaki kampuni ya magari ya General Motors kwa ubaguzi. Mahakama ikaona kampuni inaajiri wanawake, ambao ni weupe, na inaajiri weusi, ambao ni wanaume, basi ikakataa kuwasikiliza kama wanawake weusi. Ni mwanasheria mweusi, Kimberlé Crenshaw, aliyeichambua kesi hiyo mwaka 1989 na kuwabana wanaharakati wa pande zote mbili, wa haki za wanawake na wa haki za weusi. Kwa hiyo lawama yako, mkuu, wanawake weusi wenyewe walishaitoa, na hawakuacha kudai haki.

Kwa dada aliyeuliza kule juu afanyeje kuhusu shamba la mamake: baraza la ardhi la kijiji kazi yake ni kusuluhisha, usiende peke yako. Nenda na majirani mnaopakana nao, hao ndio wanaojua nani alikuwa analima.