Kabla Hawajaanza Kuwika

Juzi msomaji mmoja alinitumia picha ya vifaranga 14 wa wiki 2, akataka nimwonyeshe yupi dume, yupi jike. Nilimjibu kwamba kwa picha ile siwezi. Hakufurahi, nami namwelewa, maana miaka 3 iliyopita nilikuwa na haraka hiyo hiyo.

Nilinunua vifaranga 12. Muuzaji alimning'iniza mmoja mmoja kichwa chini. Anayetulia, alisema, ni jike, na anayepigapiga mbawa ni dume. Akaniapia kuwa wote 12 ni majike. Nikaamini. Binti yangu akamchagua mweupe mmoja, akamwita Malkia. Wiki ya 6 upanga wa Malkia, ile nyama ya utosini, ulikuwa umekwisha kuiva wekundu, na wiki ya 12 nilikuwa na mapora 7, yaani majogoo machanga, bandani. Alfajiri Malkia alipojaribu kuwika mara ya kwanza, alitoa sauti ya bawaba iliyokauka mafuta, na binti yangu akalia.

Nikampa bwana mmoja aliyeniahidi uwanja mpana na mitetea tele. Nilipopita kwake baada ya wiki 2, nilimkuta Malkia amefungwa mguu kwa kamba kwenye gurudumu bovu, upanga umechanika, damu imekaukia jichoni. Alikuwa akipiganishwa. Nilimfungua nikaondoka naye, na bwana yule akaniambia, "Jogoo ni jogoo tu." Sijamsamehe mpaka leo.

Basi tuelewane. Kwa kuku, anayeamua jinsia ni mama, na huwa imeshaamuliwa kabla yai halijatagwa. Lakini yai lenye ncha kali, pete inayoning'inizwa kwa uzi juu ya yai, kuning'inizwa kichwa chini, vyote hivyo havikwambii lolote. Wajapani waligundua miaka ya 1920 jinsi ya kumtambua kifaranga wa siku moja kwa kumchungulia tundu la haja, lakini kazi hiyo ina mafunzo yake, na kidole kisichojua humuumiza kifaranga. Rangi nayo husaidia pale tu unapowajua wazazi: jogoo wa aina ya Rhode Island Red akimpanda koo wa aina ya Plymouth Rock mwenye mistari, vifaranga madume hutoka na doa jeupe kichwani, majike hawana. Ukigeuza wazazi, alama hiyo haitofautishi tena dume na jike.

Kwa kuku wa mchanganyiko, subiri. Kuanzia wiki ya 5 au 6 linganisha panga za vifaranga wa umri mmoja. Kisha, wiki ya 10 hadi 12, mshike kuku, mpulizie manyoya ya mgongoni karibu na mkia. Ya pora ni membamba, yamechongoka, yanang'aa. Ya tembe, yaani jike changa, yana ncha ya mviringo. Msimu huu nimewafunga mapora wangu 9 uzi mwekundu mguuni, na sikukosea hata mmoja.

Makao yao nilianza kuyatafuta siku niliyomwekea kuku mayai ya kuatamia, nawe fanya hivyo hivyo, kwa sababu karibu nusu ya watakaoanguliwa watakuwa madume. Jogoo mmoja anatosha mitetea kama 10. Wakizidi, mitetea hunyonyoka migongo kwa kupandwa kila saa. Usimtoe jogoo kwa maneno ya mlangoni. Nenda ulione banda la anayemtaka, uliza ana majogoo wangapi tayari, angalia miguu ya kuku wake kama ina alama za kamba. Akisema atamchinja, amesema kweli, na uamuzi ni wako. Lakini usimtupe barabarani. Wewe ndiye uliyetaka mayai yaanguliwe, na pora hakuomba kuzaliwa pora. Ukikosa pa kumpeleka, mapora waliokua pamoja huweza kuishi banda lao wenyewe, mbali na mitetea, wakiwa na nafasi ya kukimbiana. Malkia anaishi hivyo na wenzake 2.

Kwa hiyo ndugu msomaji, nitumie picha nyingine wiki ya 11, ya mgongoni, kwenye mwanga wa jua. Na leo hii anza kuulizia ni nani ana mitetea isiyo na jogoo.